Ripoti ya Dilnavoz na Viwavi wa Bibi

Kila mwezi wa Mei nyumba yetu si yetu. Chumba kizuri kuliko vyote wanapewa viwavi wa hariri, na sisi wenye nyumba tunalala barazani. Asubuhi, umande ukishakauka, mimi na Bibi Hosiyat hukata matawi ya miforsadi kando ya mfereji, tukayabeba mgongoni na kuwatandikia viwavi. Wanakula mchana na usiku, na ukisimama mlangoni unawasikia wakitafuna.

Mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku kumi viwavi waanze kusokota vifuko vyao, dada yangu Dilnavoz alirudi kutoka Tashkenti. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea usimamizi wa biashara na uendelevu. Neno hilo la mwisho alilitamka huku amefumba macho kidogo, kama mtu anayeonja asali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimdharau tangu aliposhuka garini na viatu vyake vyeupe. Ada yake ya chuo ilitoka kwa viwavi hao hao, lakini tangu utotoni hakuwahi kuwagusa. Alisema wanamtia kichefuchefu.

Alikuja kuandika ripoti ya chuo kuhusu familia inayofanya biashara bila kuharibu mazingira. Akawa anazunguka uani na daftari.

"Bibi, haya matawi yakishaliwa majani mnayatupa wapi?"

"Nayatia kwenye tanuri. Mkate uliokula asubuhi uliokwa na nini?"

"Na kinyesi cha viwavi?"

"Kinakwenda kwenye vitunguu. Kingine huliwa na kondoo."

Akaandika mbio mbio, kisha akanieleza mimi kwamba hayo yanaitwa uchumi wa mzunguko. Miaka miwili ya chuo, kumbe alikuwa anatafuta jina la jiko la bibi yake!

Siku ya tatu Bibi alikwenda kumsaidia jirani kwenye harusi, akatuachia chumba. Dilnavoz alitazama rundo la majani lililoanza kunyauka, akatikisa kichwa.

"Hii ni hasara," alisema. "Tukiyanyunyizia maji yatakaa mabichi, na miti haitakatwa ovyo."

Akachukua chupa ya kupulizia, akayalowesha na kuyafunika kwa nailoni. Mtaani kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba jani halimfikii kiwavi mpaka maji yaliyo juu yake yakauke. Jani la maji linamharisha. Nilijua, na mdomo nilikuwa nao.

"Mbona unacheka?" aliniuliza.

"Mimi? Sicheki. Endelea, msomi."

Nikamwacha awalishe. Nilitaka Bibi arudi amuumbue, na nilishaanza kupanga nitakavyowasimulia wenzangu shuleni.

Bibi aliporudi baada ya siku mbili, viwavi wengi walikuwa wameacha kula. Miili yao ililegea, na chumba kikanuka. Bibi aliinua mmoja, akamweka kiganjani, akamgeuza kwa kidole.

"Nani ameleta majani ya maji humu?"

"Ni mimi, Bibi," alisema Dilnavoz. "Nilidhani napunguza hasara. Sikuuliza."

Nikaona zamu yangu imefika. "Mimi nilimwona, Bibi. Ila msomi haambiwi kitu."

Bibi alinigeukia. Hakuwahi kunitazama vile, na sitaki anitazame vile tena.

"Ulimwona?"

"Ndiyo."

"Na ulijua watakufa?"

Bibi alisonya, akanipa kisogo. "Toeni wagonjwa. Wote wawili. Kwa mikono."

Tulifanya kazi hadi magharibi. Tuliwatoa walioharibika, tukatoa matandiko yaliyolowa, tukanyunyiza unga wa chokaa mkavu ili ufyonze unyevu. Dilnavoz alitoka mara moja kutapika nyuma ya zizi, akanawa, akarudi. Mimi niliyezaliwa katikati ya viwavi nilikuwa nalia. Theluthi yao ilikufa. Waliobaki Bibi aliwalisha mwenyewe, majani yasiyo na maji, kidogo kidogo, mpaka wakapanda kwenye vijiti na kusokota vifuko vyeupe.

Siku ya kuvuna vifuko, Dilnavoz alitusomea ripoti yake. Aliandika kosa lake lote bila kuficha, hadi idadi ya viwavi aliowaua.

"Watakufelisha," nilisema.

"Wanifelishe. Ndivyo ilivyokuwa." Akaendelea kusoma: "Kanuni ya majani yasiyo na maji nilifundishwa na mdogo wangu Zulhumor."

Uso ulinichoma. "Lifute jina langu. Sikukufundisha, nilikuacha."

"Uliniambia siku ile tukitoa wagonjwa."

"Nilikwambia wakiwa wamekufa!"

Bibi aliweka chini kikapu chake. "Liache, Dilnavoz. Wewe kosa lako ni kwamba ulimdharau mjinga wa nyumbani, yaani mimi, ukaona aibu kuniuliza. Hilo linarekebishika, kesho utauliza." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe unajua jambo, na umeligeuza fimbo ya kumchapia mwenzako. Chuo hakifundishi dawa ya hilo. Anayejua akanyamaza ili acheke, simtofautishi na aliyeshika ile chupa ya maji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi kaa hapa, umwoneshe dada yako namna ya kuchambua vifuko. Na umwoneshe vizuri."