Mshale Uliogoma

Watu wa Kawangware walimjua Nelima kwa vidole vyake. Ukitaka barua ya kuomba kazi, unaenda kwa Nelima. Ukitaka kadi za harusi, ni kwa Nelima. Na mtu akifiwa, hata chai ya waombolezaji haijachemka, jamaa mmoja ameshatumwa kwake kupigisha chapa programu ya mazishi. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, kwa laptop kuukuu. Zamani alikuwa karani mjini. Ofisi ilipofungwa mwaka 1997, mwenye ofisi alimwachia mashine hiyo.

Safari hii aliyefiwa alikuwa Nelima mwenyewe. Mama yake, Sella, alikuwa ametoka Bungoma kuja kutibiwa. Siku alizopata nafuu, alikaa kitandani akasimulia maisha yake, naye Nelima akapiga chapa. Alisimulia alivyouza mitungi sokoni akiwa msichana. Alisimulia alivyomzika mume na kubaki na watoto wadogo, na shamba ambalo shemeji walilitaka. Mengine hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Kisha akalazwa hospitali, na hakutoka.

Sasa mwili ulikuwa mochari. Basi la kwenda nyumbani lingeondoka Ijumaa. Kaburini, historia ya marehemu husomwa mbele ya watu wote, na familia ilimchagua Nelima kuisoma. Maneno yote ya mama yalikuwa ndani ya ile laptop. Hayakuwa mahali pengine popote.

Jumanne Nelima alitoka jikoni, ambako alikuwa akiwakaangia wageni mandazi. Akafungua mashine ili achapishe. Chini ya kibodi ya laptop kuna kibao kidogo laini. Ukikipapasa kwa kidole, mshale unatembea kwenye skrini. Siku hiyo mshale uliruka huku na huku kama panzi. Kila alipogusa kibao, ulikimbilia pembeni.

Shiundu, fundi wa redio wa mtaa huo, alikuwa amekuja matangani. Akaacha kikombe chake, akasogea.

"Hiyo ni draiva imeharibika," alisema.

"Draiva ni nini?"

"Ni programu ndogo. Ndiyo inaambia mashine kidole chako kimeenda wapi. Wacha wasiwasi, dada. Niko na disketi ya draiva. Nilipewa na mtu wa mtaa wa Riruta Satellite."

"Ni ya laptop kama hii?"

"Laptop ni laptop."

Shiundu hakuwa mtu mbaya, tusimseme vibaya. Redio ikinyamaza, yeye huchomoa kifaa kwenye redio nyingine, akakisukuma kidogo, akakichomelea, na redio inaimba. Mtaa mzima umezoea hivyo. Spea ya hiki inavishwa kile, na maisha yanaendelea. Lakini jamani, kompyuta si redio.

Aliileta ile disketi, akahangaika na ule mshale mpaka akaiweka draiva. Mashine ikajizima, ikawaka tena. Mshale haukuruka sasa. Ulikaa katikati ya skrini na kugoma kabisa. Nelima alipapasa kibao mpaka kidole kikauma.

Shiundu alikuna kichwa. "Imebaki njia moja. Nitafuta kila kitu ndani, niweke upya. Kesho nakuja na disketi zangu."

"Na maneno ya mama?"

"Hayo yataenda, dada. Utaandika mengine."

Kaka yake Nelima, Wekulo, alijaribu kumtuliza. "Tutasoma tarehe tu. Alizaliwa lini, aliolewa lini, alikufa lini. Watu wataelewa."

"Mama si tarehe," Nelima alijibu.

Alichukua kalamu, akajaribu kukumbuka. Maneno yalimjia vipande vipande. Wakati ule mama akisema, vidole vilikuwa kazini na kichwa hakikushika chochote. Soko lile liliitwaje? Yule jirani aliyewaficha watoto siku ya ugomvi wa shamba alikuwa nani? Hakujua. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Mama alimwachia kitu kimoja akitunze, naye amekipoteza kabla hata hajamzika. Wageni waliimba, lakini yeye hakuimba.

Jentrix, mama mmoja wa kanisani kwao, ndiye aliyemvuta kando. "Kuna Mildred, wanamuita Mama Hope. Anakaa Lindi, kule Kibera. Anafundisha kompyuta mtaa wa Ayany. Nenda umuone kabla Shiundu hajarudi."

Nelima hakuwa na tumaini lolote, lakini alienda. Asubuhi aliifunga laptop kwa leso, akaitia kwenye kiondo, akaifunika kwa majani ya sukuma wiki ili vijana wa njiani wasiitamani. Akatembea hadi Kibera.

Mildred alimpa pole ya msiba, akampeleka darasani kwake Ayany, mahali penye stima. Aliwasha mashine, akautazama ule mshale.

"Nani amegusa hii?"

"Fundi wa redio. Leo anataka kufuta yote."

"Asiiguse tena. Kwanza tuokoe maneno ya mama. Mshale utangoja."

"Tutayafungua aje, Mama Hope? Mshale umekufa."

"Vitufe havijakufa. Bonyeza Ctrl na Esc pamoja."

Nelima alibonyeza. Orodha ya Start ikafunguka. Alikuwa amepiga chapa miaka yote hiyo na hakujua jambo hilo.

"Sasa tumia vitufe vya mishale hapo kibodini. Panda mpaka kwa hati zako. Umeona jina lake? Bonyeza Enter."

Skrini ikajaa maneno. Mtungi wa kwanza, soko, shemeji, jirani. Nelima alifunika uso kwa leso. Mildred alimwacha alie. Kisha akaingiza disketi tupu, na kwa vitufe vile vile wakahifadhi nakala yake. Wakahifadhi na nyingine.

"Sasa hata mashine ikianguka mtoni, mama yuko," Mildred alisema. "Kazi isiyo na nakala ni kama haipo. Ukitaka kutengeneza chochote, toa nakala kwanza."

Ndipo akashika shughuli ya mshale. Bado kwa vitufe, alifungua mahali mashine inapoorodhesha vifaa vyake. Akaonyesha kwa kidole.

"Unaona? Draiva hii ni ya kibao cha kampuni nyingine. Inaongea na kibao ambacho hakiko hapa. Chako kinangoja, na hakuna wa kukisikiliza."

"Kwa hivyo tunatafuta draiva nyingine?"

"Kwanza tunaondoa hii mbaya. Mashine hii ina ya kwake ya kawaida ndani. Ikikosa ya mgeni, itatumia hiyo. Siku ukitaka draiva mpya, hakikisha kampuni ni ile ile na modeli ni ile ile. Soma chini ya laptop, imeandikwa."

Aliiondoa, akazima mashine, akaiwasha tena. Wakati ikiwaka alichukua kitambaa kikavu, akakipangusa kibao. Kitambaa kilitoka na mafuta.

"Ulikuwa unapika?"

"Mandazi ya wageni."

"Basi ni hilo tu. Kibao hiki kinahisi ngozi kavu. Ukiwa na mafuta au maji, mshale unaruka. Draiva yako ya kwanza haikuwa na shida. Ungenawa mikono, ukapangusa kibao, ukazima mashine na kuiwasha, ungekuwa umemaliza."

Nelima aligusa. Mshale ukatembea polepole, ukaenda alikotaka. Hakuweza kufurahi. Alisema asante, akaomba printa.

Baada ya msiba mambo yalibadilika kwake. Kila kazi ya mteja ilikuwa na nakala kwenye disketi. Alinawa mikono kabla ya kugusa mashine. Hata Shiundu, akiletewa kompyuta, alijifunza kuuliza modeli kwanza, na kuuliza kama kuna kitu ndani ambacho mtu angekililia.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya mazishi Nelima alisimama kando ya jeneza, karatasi mkononi, akasoma yote. Shemeji waliinamisha vichwa waliposikia habari za shamba. Mzee mmoja aliposikia jina lake, yule jirani aliyeficha watoto, alitoa kofia. Nelima akafika mstari wa mwisho. Kwa mazoea ya kazi alikuwa amepiga chapa kila neno la mama, hata lile lisilokuwa la historia. Akalisoma pia.

"Leo tuishie hapo, Nelima. Nimechoka. Kesho uniulize tena."

Kisha akakaa chini, maana hakuwa na mtu wa kumuuliza.