Mfuko wa Sehemu ya Nne

Mizani ilionyesha kilo elfu moja na sitini. Rachelle alikuwa amejaza elfu moja kamili, kama kila siku. Akapepesa macho, namba ikashuka yenyewe.

Ilikuwa wiki yake ya tatu katika kiwanda cha kobalti karibu na Musonoi, na kazi yake katika sehemu ya nne ilikuwa hiyo tu: jaza unga, pima, funga, sukuma. Nyuma yake alisimama shefu wa timu, msimamizi wao Séraphin, na saa ya kupimia muda mkononi.

"Mama Rachelle, unasimama kwa nini? Dakika mbili zinapotea bure. Ukichelewa tena leo, essai yako, majaribio yako ya kazi, inaisha."

Rachelle akainamisha kichwa. Mumewe, Louis, alikuwa amelala nyumbani mwezi wa nne sasa, akikohoa damu, na hawakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Saa nne asubuhi harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye unga ule mkavu. Kisha, alipokuwa akivuta kamba ya kufungia, kitu kikagonga kutoka ndani ya mfuko, mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye haya mlangoni, na sauti ya kiume iliyojaa matope ikanong'ona karibu kabisa na vidole vyake:

"Mama, usifunge. Niko ndani."

Akazamisha mikono mpaka mabegani, akapapasa. Unga tu.

Dodo, mwenzake wa sehemu ya tano, alikuwa amegeuza uso.

"Na we unasikia?" Rachelle akamwuliza.

"Wote tunasikiaka," Dodo akanong'ona. "Apa palikuwa shimo ya kuchimba. Batu balifia ndani, tingatinga ikafunika, bakajenga juu. Banamuke batatu balikimbia iyi kazi kabla ufike."

"Anataka nini?"

"Kurudi nyumbani kwake. Lakini mpaka mutu amubebe."

Viatu vya Séraphin vilikuwa vinakaribia. Rachelle akainamia mdomo wa mfuko.

"Toka na mi," akasema. "Twende kwangu. Lakini usinipotezee kazi."

Kitu baridi kikampanda mgongoni, kikamkumbatia shingo, na mpaka kengele ya kutoka alijaza, akapima, akafunga na kusukuma akiwa na pumzi yenye unyevu sikioni, asithubutu kugeuka, asichelewe hata mara moja, mpaka Séraphin akaandika jina lake kati ya wale watakaobaki kazini.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani, mtaa wa Manika. Alipovuka kizingiti, ubaridi ukamtoka shingoni. Louis alikuwa ameketi kitandani. Hakukohoa.

"Shekina," akamwita kwa jina lisilo lake, kwa sauti ileile ya mfukoni, "batoto beko wapi?"

Rachelle na Louis hawakuwahi kupata mtoto. Alisimama mlangoni, akisikiliza kifua cha mumewe kikivuta pumzi safi.

"Banakuya, beko njiani," akajibu, akafunga mlango. "Kula kwanza."