Mkono wa Ambakisye

Gari lilikuwa Kibaha na Sekela alikuwa Mbeya, amejikunja kwenye kochi na soksi zake za sufu, lakini alipobonyeza rimoti kwa kidole gumba gari liliruka kama limechokozwa.

Hivyo ndivyo watu wa zama hizo walivyonunua vitu vya kuchezea. Hakuna aliyeridhika tena na picha nzuri na sifa tamu. Duka la mtandaoni lililoitwa Pia na Gurudumu lilikuwa limejenga ghala refu lenye njia za mbio, matuta, madimbwi na kona za kila aina, na mnunuzi, popote alipo, alikabidhiwa gari alilolitamani alikimbize mpaka moyo wake ukubali. Kioo cha ukutani kilimwonyesha njia kwa macho ya gari lenyewe. Kokoto ilionekana mlima. Maji ya dimbwi yaliruka, na mtu akafumba macho sebuleni kwake pakavu.

Sekela alikuwa anamtafutia zawadi Atupele, binti wa marehemu kaka yake. Mtoto alikaribia kutimiza miaka tisa, na mwaka mzima hakuwa na wimbo mwingine ila gari la rimoti. Alionyeshwa mashua, akakataa. Alionyeshwa helikopta na yale mafumbo yanayojipanga upya kila ukiyafumbua, akayasukuma pembeni kama uji uliopoa.

"Ungependa mshindani?" iliuliza sauti ya duka. Ilikuwa sauti tulivu ya mashine, yenye adabu nyingi kuliko watu.

"Mshindani gani?"

"Dereva kivuli. Kila gari letu lina kinasamkono, kidude kinachotunza namna mwenye gari anavyoliendesha. Anavyokata kona, anavyotaharuki, anavyojidai. Gari likirudi dukani, mkono ule hubaki ndani yake. Sisi huunakili na kuupa magari mengine."

"Kwa hiyo nashindana na mtu ambaye hayupo."

"Unashindana na mkono wake tu, dada."

Sekela akacheka, akachagua wa kwanza kwenye orodha. Duka lilimwita Ukungu, na chini ya jina liliandika: mwepesi sana, ana kasoro ndogo, husita kona ya mwisho.

Gari jeupe likaingia njiani. Lilimpita Sekela tuta la kwanza, likampita tena alipojaribu ujanja, likatangulia mpaka akaliona kwa mbali kama punje ya mchele. Kisha, kona ya mwisho, likasimama.

Lilisimama na kusubiri. Gari la Sekela lilipolikaribia, karibu kabisa kugusana, jeupe likawasha taa mara mbili, likachomoka.

Rimoti ilimponyoka Sekela ikaanguka zuliani.

Utotoni, kwenye uwanja wa nyumba yao mtaa wa Sisimba, mama yao aliweka sheria kwa sababu alichoka kusikia vilio: mkubwa hamwachi mdogo kona ya bafu. Ambakisye, kaka yake Sekela, aliitii sheria hiyo kwa namna yake. Alifika konani, akasimama, akamsubiri mdogo wake akikokota kigari chake, na pale tu Sekela alipodhani leo amempata, kaka aliwasha taa mara mbili na kuchomoka huku akicheka. Alicheza hivyo mpaka akawa mtu mzima mwenye ndevu.

"Mkono huu ni wa nani?" Sekela aliuliza.

"Samahani, dada, hatutaji majina ya wamiliki."

"Gari lilitoka wapi?"

"Lilinunuliwa Mbeya, likiwa limetumika."

Akaelewa. Ambakisye alifia kwenye handaki la reli ya Uporoto, miamba ilipoporomoka, miezi michache kabla Atupele hajazaliwa. Baada ya arobaini wazee waligawa vitu vyake kama ilivyo desturi: makoti kwa wajomba, viatu kwa jirani, gari la kuchezea kwa binamu mmoja wa Tukuyu. Binamu alilichoka, akaliuza. Nani angejua kwamba ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakikuzikwa?

"Watu wanashindana naye sana?"

"Ukungu anapendwa mno. Muda huu yumo kwenye michezo elfu kadhaa. Wachezaji humpenda kwa sababu wenye mbio humpita pale anaposita, kabla hajachomoka."

Sekela alihisi hasira ikimpanda kifuani. Kaka yake alisimama kwenye kona elfu kadhaa, akimsubiri mdogo wake, na watoto wasiomjua walimpita wakishangilia.

"Nataka kumnunua. Yeye mzima."

"Gari la asili tunalo. Ukilinunua kwa upekee, nakala zote zitafutwa, na sisi hatutabaki na kitu. Lakini ni wajibu wangu kukueleza jambo. Gari linaweza kukimbia lenyewe kwa mkono ule siku zote. Ila mtu akishika rimoti, kinasamkono huanza kujifunza mkono wake. Mwanzoni utahisi rimoti ikikusukuma kidole, mkono wa zamani ukitaka njia yake. Kadiri unavyoendesha, msukumo hupungua, kama sabuni inavyoisha mikononi. Ukishaisha, haurudi."

Sekela akanunua.

* * *

Ndegebeba ilishuka ikipasua ukungu wa mlima Loleza, ikaweka boksi uwanjani, ikaondoka na mvumo wake wa nyuki. Mama Amba, mama yake Sekela, alikuwa kwenye mkeka akichambua maharage. Jina hilo la mzaliwa wa kwanza hakuna aliyemvua hata baada ya msiba, kwa hiyo majirani walimtaja marehemu kila walipomwamkia.

Atupele alilichana boksi kwa meno. Mama yake alikuwa na kazi bandarini Kyela, akirudi kwa nadra, hivyo mtoto alikulia hapo kwa bibi, akajifunza kupata vitu kwa kelele.

"Jeupe! Shangazi, ni jeupe! Rimoti iko wapi?"

"Ngoja kwanza. Mama, tazama."

Sekela aliliwasha, likakimbia lenyewe. Likazunguka kivuli cha mwembe wa jirani uliochungulia ukutani, likapita chini ya kamba ya nguo, likafika kona ya bafu. Likasimama. Atupele akalifuata mbiombio, na alipolikaribia taa zikawaka mara mbili, likachomoka.

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika mkekani.

"Nani kawaambia?" Mama Amba alisema kwa sauti ndogo. "Sekela, nani kawaambia hawa watu habari za mwanangu?"

"Hakuna aliyewaambia, mama. Ni yeye mwenyewe aliyeliendesha."

Akamweleza yote, na habari ya sabuni pia. Mkono wa Atupele ulikuwa tayari umefika kwenye rimoti. Wa bibi yake ukafika mapema zaidi.

"Hii haiguswi," alisema, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Nyumba ikabadilika. Kila jioni Mama Amba alilifuta gari matope, akaliweka kwenye kiti alichokuwa akikalia Ambakisye. Asubuhi alilisalimu kabla hajamsalimu mtu. Wanawake waliokuja msibani miaka ile wakaanza kuja tena, wakivua viatu mlangoni na kusema kwa sauti za chini, na jikoni pakanuka chai ya tangawizi ya matanga. Atupele aliwapita katikati amefura.

"Zawadi gani hii ya kuangalia, kama keki ya dirishani?" alimwambia Sekela. "Halafu bibi analiambia lala salama. Kwani baba ni betri?"

"Shika adabu."

"Nimeuliza tu, shangazi."

Siku za mwanzo mtoto alikuwa akilikimbilia gari kwa miguu, na gari lilimsubiri konani. Lakini siku moja alijificha nyuma ya pipa aone litasubiri mpaka lini. Lilisubiri. Kuku walilizunguka, manyunyu yakaanza na kukoma, nalo limeelekeza macho yake kule mtu alikotakiwa kutokea, mpaka chaji ikaisha. Atupele aliogopa. Tangu siku ile hakulikimbilia tena.

* * *

Sekela alifanya kazi ofisi ya ramani za jiji. Alasiri moja ya mvua nyembamba alirudi akamkuta Atupele kizingitini, anafuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Tangu asubuhi, shangazi. Hata uji hajanywa."

Uwanjani Mama Amba alikuwa anatembea nyuma ya gari. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini, kiatu kimoja hakipo. Gari lilitangulia, likasimama kona ya bafu. Mama akalifuata akivuta mguu, mkono mmoja ukutani. Alipolifikia, taa zikawaka mara mbili, likachomoka kuzunguka uwanja, likarudi konani, likasimama. Mama akageuka, akaanza upya.

"Mama! Ingia ndani!"

"Huoni kwamba ananisubiri?"

"Utaumwa, mama."

"Nikikaa, atasimama pale peke yake na mvua hii."

Sekela alimshika mabega. Yalikuwa ya baridi kama bati. "Mama, nisikilize. Hakungoji wewe. Hata akija mbwa, gari litamsubiri mbwa. Hakuna mtu mle ndani anayejua kwamba uko nyuma yake."

Alijutia maneno hayo yalipomtoka. Lakini mama yake hakulia. Alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemletea habari ya juzi.

"Unadhani mimi mjinga?" alisema. "Najua. Walipomtoa handakini waliniambia nisifungue sanduku, nikatii. Walipogawa vitu vyake nilikuwa kwenye mkeka nimefunikwa khanga, kila mtu akapita na chake. Makoti, viatu, saa. Kila mtu alishika kitu cha mwanangu, Sekela, isipokuwa mimi."

Mvua iligonga bati la bafu. Gari lilikuwa konani, taa zimezimwa, linangoja.

Mama Amba alifungua pindo la kitenge, akatoa rimoti, akaigeuzageuza.

"Inashikwaje?"

"Mama, ukiishika itaanza kuisha. Nilikwambia."

"Uliniambia. Inashikwaje?"

Atupele ndiye aliyetoka mvuani. Alivipanga vidole gumba vya bibi yake mahali pake, kimoja baada ya kingine. "Hiki cha mbele na nyuma. Hiki cha kukata kona. Usibinye kwa nguvu, bibi, si chapati."

Mama Amba akasukuma. Gari likatoka konani, likagonga ndoo, likarudi nyuma, likagonga ndoo ileile.

"Kushoto! Bibi, kushoto kwako!"

"Nyamaza, unanichanganya."

Kisha akatulia. Uso wake ukabadilika, na Sekela, aliyekuwa amesimama karibu, aliona kidole gumba cha mama yake kikisogea kidogo bila yeye kukisogeza.

"Ananisukuma," alisema Mama Amba. "Sekela, ananisukuma kidole."

Gari liliiacha ndoo, likapita chini ya kamba ya nguo, likaenda sawasawa. Mama alijaribu kulipeleka kulia, msukumo ukalirudisha kushoto. "Acha ubishi, Amba," alisema, na hapo akacheka, kicheko ambacho Atupele hakuwahi kukisikia tangu azaliwe. Akamkaripia mwanawe uwanja mzima. Aliambiwa taratibu, aliambiwa angalia kuku, aliulizwa kwa nini alikwenda kwenye lile handaki na homa. Konani gari lilisita, na mama akasita nalo, kidole juu ya kidole.

Lakini mzunguko uliofuata kusita kulikuwa kufupi. Uliofuata, kufupi zaidi.

"Bibi, pumzika," Atupele alinong'ona. Alikuwa ameelewa. "Mimi sitaki tena gari. Tuliache hivihivi, bado amebaki kidogo."

"Kikibaki kidogo kitabaki kwenye kiti kinanitazama," alisema Mama Amba. "Acha kiishe mikononi mwangu. Mara ile hawakunipa."

Akaendelea. Mvua ilikatika, ukungu ukashuka mlimani ukafunika ukuta, na gari jeupe likawa linaingia na kutoka ndani yake. Sekela hakuhesabu mizunguko. Alikuwa anatazama vidole vya mama yake tu, vilivyokakamaa kwa baridi, jinsi vilivyokuwa vikivutwa, kisha vikiguswa, kisha vikiachwa.

Gari likapita kona ya bafu moja kwa moja.

Mama Amba alilisimamisha mbele ya miguu yake. Aliisogeza rimoti huku na huku, akipima. Ilikuwa nyepesi, plastiki na vibonyezo tu.

"Basi," alisema. Akamgeukia mjukuu wake. "Chukua."

Atupele alifuta viganja kwenye gauni kabla ya kuipokea, na akaishika kwa mikono miwili kama anayepewa maji ya moto.

"Niendeshe taratibu, bibi?"

"Endesha unavyojua wewe," alisema Mama Amba, akainama kukitafuta kiatu chake matopeni.