Claudette Aliposema Ana Njaa

Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa. Ng'ambo, milima ya Burundi ilionekana kama inaelea. Generose alisimama mlangoni akimtazama binti yake Claudette akienda chuo kikuu. Binti alitembea polepole, kama mtu aliye usingizini.

Vita vilikuwa vimewatoa Bwegera. Waliacha mpunga shambani, wakaja kupanga chumba Uvira. Sasa Generose alilima mihogo ya watu. Jembe likiwa mkononi, aliota mchana: bunduki zimenyamaza, mpunga umerudi kuwa kijani, na Claudette anapita kati ya mashamba akiwafundisha watu kilimo.

Siku hiyo Claudette alirudi akiwa ameshikwa mkono. Alikuwa ameanguka darasani. Aliyemleta ni Candide, jirani yao, mwalimu wa chuo.

"Masomo yamemchosha kichwa," Generose akasema kwa hofu. "Afadhali aache."

"Kichwa chake iko kizima, Mama Claudette. Ni njaa," Candide akajibu. "Claudette, ulikula lini?"

Claudette akainama. "Juzi. Nilikuwa nasema nimekula chuoni, ili wadogo wangu washibe."

Machozi yakamlengalenga Generose. "Mbona weye hukuniambia?"

"Minye niliona haya, mama."

"Haya hiyo iko kwa wengi," Candide akasema. "Mwanafunzi mwenzake Kwizera ni wa Luvungi. Vita vimefunga barabara, chakula cha kwao hakifiki. Laure wa Makobola, vilevile. Kila mmoja anajificha na njaa yake. Kumsaidia mwanafunzi si kumlipia masomo tu. Ale, alale, apate mahali pa kusomea. Na akikwama, atuambie walimu mapema."

"Sasa tufanye nini?"

"Waite hao wawili. Mupike pamoja."

Wakaja. Kwizera alilima na Generose siku za Jumamosi, akaleta unga wa mihogo. Laure aliomba ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mjomba wake mvuvi. Wadogo wa Claudette walichota maji, dada yao apate kusoma. Candide naye alizungumza na wakuu wa chuo, wakawaachia darasa moja la kusomea kila alasiri. Siku ambazo risasi zilizuia watu kutoka, mtihani ulisogezwa mbele.

Jioni, baada ya bugali, watatu hao walirudia masomo uani kwa Kifaransa. Generose hakuelewa neno. Maneno yale yalimpitia polepole kama mawimbi madogo ya ziwa, naye akasinzia akitabasamu.

Siku ya matokeo, alisimama nyuma ya watu. Majina yakasomwa.

"Wamesema nini?" akamuuliza Kwizera.

"Claudette amepita vizuri, mama! Nami nimepita."

"Na Laure?"

Laure alikuwa ameegemea ukuta. Somo moja lilimshinda. Alitakiwa kulirudia baada ya likizo.

"Basi mimi nitarudi kwa mjomba," akasema kwa sauti ndogo. "Nyinyi mumemaliza."

Generose akamshika bega. "Nani amemaliza? Twende nyumbani ukale. Kesho Claudette ataanza kurudia nawe hilo somo."

Mwezi wa tisa, Laure naye akapita.