Mbwa Aliyeitwa Toka

Kila asubuhi fundi cherehani alianza kazi kwa ugomvi. Alifungua mlango wa chumba cha mbele, akavuta cherehani karibu na mwanga, akageuka kutafuta mkasi. Akigeuka tena, mbwa keshaingia. Kajilaza juu ya vitambaa kama mgeni aliyealikwa.

"Toka!"

Mbwa alitikisa mkia.

"Toka, nimesema! Hizo sare za watu!"

Mbwa hakuondoka. Hakuondoka hata siku moja kwa maneno matupu. Mwishowe fundi aliingia jikoni, akabandua ukoko wa sufuria, akaurusha nje huku akipiga kelele, "Toka!" Hapo mbwa alitoka mbio, akala ukoko, akalala kizingitini.

"Mbwa wako leo kaamka salama," mumewe alimtania. Mume alikuwa mwashi, na alikuwa anautafuta mwiko wake chini ya kitanda.

"Sina mbwa mimi."

"Mbwa unayemlisha ni wako, hata ukimkana mbele ya hakimu."

"Simlishi. Namfukuza."

Binti yao alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Alikuwa na miaka sita, na nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu ya maneno. Chiriku alizungumza akila, alizungumza akioga, na baba yake aliapa kwamba alizungumza hata usingizini. Mara nyingi mama yake alimwomba anyamaze kidogo ili apige hesabu ya vipimo bila kukosea.

Mchana wa siku hiyo Chiriku alikuwa anaruka kamba mbele ya mlango. Aliruka akirudi nyuma, anaimba, haangalii anakokwenda. Mbwa alikuwa anaguguna mfupa nyuma yake. Chiriku alijikwaa, akamwangukia. Mbwa alishtuka, akauma, akakimbia.

Fundi alitoka na sindano mdomoni. Alikuta vitundu viwili kwenye shavu la mguu wa mwanawe, na damu kidogo tu.

Watu walijaa kabla machozi hayajakauka. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa jirani, ambaye mtaa ulimwita Mjuaji. Alikuja na kitana sikioni, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Mafuta ya taa, shemeji!" Mjuaji alisema. "Mwagia mafuta ya taa, kisha pilipili ya kusaga. Sumu yote inatoka yenyewe."

"Umewahi kuona ikitoka?" mteja aliuliza.

"Wewe shika kichwa chako."

Huko nje vijana walishaanza kupiga kelele, "Mbwa kichaa! Muueni!" Baba Chiriku, aliyekuwa amerudi kula, aliokota kipande cha nondo. Fundi alikuwa ameshashika chupa ya mafuta ya taa.

"Weka hiyo chupa chini, dada. Bomba liko wapi?"

Aliyesema alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira. Alifanya kazi kwenye kituo cha wanyama, mwisho wa barabara, na alikuja kuchukua ovaroli yake iliyokuwa inatiwa kiraka. Mtaani walimwita Mama Mbwa, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

"Bomba liko uani," fundi alisema.

"Mlete mtoto. Na sabuni ya kipande."

Mama Mbwa alifungua maji, akauweka mguu wa Chiriku chini yake. "Sugua taratibu kwa sabuni. Acha maji yatiririke. Endelea."

Baada ya muda fundi alitaka kufunga bomba.

"Bado. Ni dakika kumi na tano, si kunawa mikono ya kwenda kula."

"Lakini kidonda chenyewe ni kidogo!"

"Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa wa kidonda, dada. Kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mate yakiingia hata kwenye mkwaruzo, yanatosha."

"Na pilipili je?" Mjuaji aliuliza kwa mbali.

"Pilipili ni ya mchuzi. Kwenye kidonda inaumiza mtoto bure, na inawachelewesha kwenda hospitali." Alimgeukia fundi, akasema polepole. "Nisikilize. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, hakuna daktari anayeweza kuutibu kwa uhakika. Anayeugua hufa. Lakini kabla ya dalili tunauzuia. Maji, sabuni, chanjo. Chanjo ni leo, si kesho. Mtoto hangoji kuugua, wala hangoji tujue mbwa ana nini."

Fundi alimbeba Chiriku mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, akaenda naye hospitali.

Muuguzi alikitazama kidonda, akauliza kimeoshwa na nini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alichoma dawa kuzunguka kidonda, kisha chanjo kwenye mkono.

"Nilisikia sindano zake ni za tumboni," fundi alisema.

"Hayo ni ya zamani, mama. Lakini si sindano moja. Nitakwambia siku za kurudi, na usiruke hata moja. Wengi huacha wakiona mtoto anacheza. Msifanye kosa hilo."

Chiriku alichomwa bila kulia. Hakusema neno. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Walipofika nyumbani, mbwa alikuwa amelala kizingitini, mahali pake pa siku zote. Na baba Chiriku alikuwa amesimama juu yake na nondo.

"Mume wangu, acha!"

"Amemuuma mwanangu!"

"Ukimuua ukamtupa, nitajuaje kama alikuwa mgonjwa? Nitamtazama mtoto kila asubuhi nikijiuliza?"

Mama Mbwa alikuwa pale tayari, na mkokoteni wenye kizimba. "Shemeji, mkeo amesema kweli," alisema. "Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kichaa alipouma hamalizi siku kumi akiwa mzima. Ataugua, atakufa. Nipe nikamtenge kituoni tumwangalie. Akizimaliza siku hizo salama, mtajua hakumwambukiza mtoto. Akiugua, tutajua pia, na tutawatafuta wengine aliowauma. Mbwa aliyetupwa shimoni hatuambii kitu."

Baba Chiriku alimtazama binti yake, kisha mbwa. Akaiegemeza nondo ukutani.

"Msimshike kwa mikono," Mama Mbwa aliwaonya. Alivaa glavu nene, akatumia fimbo ndefu yenye kitanzi. Mbwa aliingia kizimbani kwa unyonge, akiutazama mlango wa jikoni.

Nyumba ikawa kimya. Fundi, aliyeomba kimya miaka sita, sasa alikichukia. Alipiga hesabu za vipimo bila kukosea hata moja, na kila alipomaliza alikwenda kumgusa Chiriku paji la uso.

"Unaumwa?"

Chiriku alitikisa kichwa.

Siku chache baadaye, asubuhi ya sindano nyingine, simu iliita.

"Sikufichi, dada," Mama Mbwa alisema. "Maji anakunywa, lakini chakula hagusi. Kukataa chakula kunaweza kuwa dalili. Kunaweza pia kuwa ugeni tu. Usiogope bado."

Usiogope bado! Neno lile "bado" fundi alilirudia moyoni njia nzima. Alimpeleka Chiriku hospitali, akachomwa sindano yake, na kutoka hapo wakaenda moja kwa moja kituoni.

Kituo kilikuwa ghala la zamani. Sakafu ilinuka dawa ya kusafishia na manyoya yaliyolowa. Mlangoni palikuwa na foleni. Mzee mmoja alishika kikapu chenye paka anayenguruma. Wanandoa walileta mbwa wao akachanjwe. Kijana aliyepotelewa na mbwa wake alipita kizimba hadi kizimba akiita kwa sauti ya kubembeleza. Fundi alishangaa. Alidhani hapa ni jaa la wanyama wasiotakiwa.

Mbwa wao alikuwa nyuma, peke yake, kwenye chumba chenye milango miwili ya waya. Fundi na Chiriku walisimamishwa nje ya mlango wa pili.

Mama Mbwa alisukuma bakuli kwa fimbo. Lilikuwa na nyama. "Kula, mrembo. Kula, malkia." Alipiga mluzi. Alijaribu majina yote ya mbwa aliyoyajua. Mbwa alilaza kidevu kwenye miguu, akatazama ukuta.

Chiriku alivuta gauni la mama yake. "Mama. Hajaambiwa."

Sauti ile! Fundi aliinama haraka. "Hajaambiwa nini, mwanangu?"

"Hajaambiwa toka. Wewe kila siku unamwambia toka, ndiyo anakula. Hapa hakuna anayemwambia. Kwani si jina lake?"

Fundi alihisi uso ukimwaka moto. Watu wa foleni walikuwa wanatazama. Lakini mama wa mtoto aliyeumwa hana muda wa kuona haya. Akajaza kifua pumzi.

"Toka!"

Masikio ya mbwa yalisimama.

"Toka, nimesema! Hizo sare za watu!"

Mbwa aliruka juu. Mkia ulipiga ukuta kama ngoma. Alilifuata bakuli, akala, akalamba chini, akalisukuma bakuli mpaka mlangoni kuomba jingine.

Mama Mbwa alicheka mpaka akaegemea waya. "Miaka yote hii mnamfukuza, naye anadhani anaitwa!"

Fundi alicheka pia, na machozi yakamtoka, na akayaacha yatoke. Chiriku naye akafunguka. Alieleza njia nzima hadi nyumbani: rangi ya paka wa mzee, mlio wa mlango, kwa nini nyama aliyopewa mbwa haina chumvi. Mama yake hakumwambia anyamaze.

Siku kumi zilipotimia mbwa alikuwa mzima, mnene kuliko alivyoingia. Hakuwa amemwambukiza mtu. Hata hivyo fundi alifuata maneno ya muuguzi mpaka alipoambiwa sindano basi. Kituoni walimchanja mbwa na kumfunga kizazi. Kisha Mama Mbwa akauliza swali moja.

"Huyu ana mwenyewe, au hana?"

Fundi alimtazama mumewe, aliyefuatana naye kumchukua mbwa. Mumewe alitazama dari.

"Ana mwenyewe," fundi alisema.

"Basi kila mwaka umlete chanjo. Kumlisha mbwa bila kumchanja ni nusu ya kazi. Na ale mahali pake, mbali na watoto. Anayekula haguswi."

Fundi alishona ukanda wa shingo kwa mabaki ya kitambaa cha sare, akautarizia neno moja: TOKA. Mwashi alijenga kibanda cha matofali uani, akaweka bakuli ndani. Chiriku sasa anaruka kamba upande wa mbele, mbali na bakuli, na anaangalia nyuma.

Kituo kilipotangaza siku ya chanjo, foleni ilifika kwenye duka la kinyozi. Mjuaji mwenyewe alisimama na mbwa wake, akiwaelimisha waliomzunguka. "Mimi siku zote nimesema. Maji na sabuni! Pilipili ya nini?"

"Shemeji!" fundi alimwita kutoka dirishani.

"Nilisema kimoyomoyo," Mjuaji alijibu.

Juzi mteja mgeni alikuja kupimwa gauni. Alimwona mbwa kizingitini, akarudi nyuma.

"Usiogope, amechanjwa," fundi alisema. Akaangalia saa, akabandua ukoko wa sufuria, akaenda uani penye bakuli. "Toka!"

Mbwa alikatiza chumba mbio, akapita juu ya vitambaa, akaingia ndani mpaka uani.

Mteja alishangaa. "Mama, mbona unamfukuza, naye anazidi kuja?"

"Simfukuzi," fundi alisema. "Namwita."