Chumvi Kwenye Spika

Spika mbili za kijiji cha ujamaa cha Nkololo zilitoweka stoo bila kufuli kuvunjwa. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu: Mahona, seremala aliyeyatengeneza makasha ya spika hizo. Basi Mahona akatiwa lokapu Bariadi, na kesho yake asubuhi alitakiwa mahakamani.

Inspekta Bundala hakuridhika. Mtu aibe kazi ya mikono yake, kisha akae nyumbani kuwangoja polisi? Alipomhoji, fundi alieleza tu kwamba mwaka ule wa kuhamia vijijini mbao hazikupatikana, akayaunda makasha kwa kulipasua hori la marehemu baba yake, ambamo ng'ombe walilamba chumvi. Bundala aliyaandika hayo, akayasahau.

Mchana akapata fununu. Palepale Bariadi, mgahawani kwa Salu, kaka yake Mahona, spika mbili zilikuwa zinapiga muziki hadi sokoni.

"Mwadila, Afande," Salu alimwamkia bila kubabaika. "Hizi? Nilizinunua Malampaka, kwa fundi wa reli."

"Jina lake?"

"Amehama."

"Risiti?"

"Sikupewa."

Bundala akazigeuza. Hapakuwa na chapa wala namba, na rangi mpya ya bluu ilipakwa kila mahali. Alikuwa anakaribia kukata tamaa alipoziona skrubu. Zimeliwa na kutu, na pembeni yake unga mweupe umechomoza juu ya rangi. Akaugusa kwa kidole, akauonja.

Chumvi! Akalikumbuka hori la Mahona.

Nje, Mhoja muuza maji alikuwa ameegesha mkokoteni wake wa maksai. Bundala akamwomba amfungue maksai, kisha akapanga mstari mbele ya baraza: meza ya Salu, benchi la Salu, na kasha moja. Wateja wakaziacha chai zao. Maksai akainusa meza, akalipita benchi, akafika kwenye kasha na kutoa ulimi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kumbe na ubao mtupu haulambwi. Alilamba mpaka rangi ikaanza kubanduka.

"Salu," Bundala alisema, akijizuia asicheke, "huyo fundi wa reli alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Salu akaketi kwenye benchi lake.

"Mzaliwa wa kwanza ni mimi, Afande. Hori lile lilikuwa langu. Ng'ombe wa baba walilamba pale kabla sijaota meno. Mahona akalipasua bila kuniuliza, na kijiji kizima kikampigia makofi."

"Ufunguo?"

"Huutundika ukutani kwake. Jumamosi nilikwenda kumsalimu."

"Na ulijua yuko lokapu."

"Nilijua. Nilitaka anikumbuke."

Furaha yote ya ushindi ikamtoka Bundala. Alimwonea huruma, lakini akamfunga pingu.

Jioni ndugu hao walipishana mlango wa lokapu, mmoja akitoka, mwingine akiingia. Mahona alikuwa ameshaelezwa yote. Akamshika kaka yake mkono uliofungwa.

"Ungesema tu, kaka," alimwambia. "Nusu ya hori ipo nyumbani. Nilikuwekea."