Mchanga wa Kupandia Mlima

Fulgence Gama alichomoa klipu mbili za betri, akaziweka mezani, akageuka kuchukua bisibisi. Alipotazama tena, kichwa chake kidogo cha treni hakikuwa pale alipokiacha. Kilikuwa mita moja mbele, juu ya kilima, kimesimama.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Juni 1995. Aligusa reli kwa ncha ya ulimi, kama mafundi wanavyopima betri. Hapakuwa na umeme. Akajiambia kimeserereka. Lakini kitu huserereka kwenda chini.

Songea haina reli. Fulgence alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na nane katika karakana ya treni, Tabora. Wafanyakazi walipopunguzwa, alirudi kwao na sanduku la vifaa, godoro, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani ya kopo mlikuwa na udongo wa kaburi la mkewe, Walburga. Mwili hawakuweza kuusafirisha. Wazee wa ukoo wake waliagiza udongo uje uzikwe Mpitimbi, kando ya mama yake, ili naye ahesabike amerudi. Mpitimbi ni safari ya asubuhi moja. Kopo lilikaa uvunguni mwa kitanda miaka miwili.

Alipanga chumba kimoja, akatengeneza redio za watu. Kichwa cha treni alikikuta sokoni, kwenye lundo la vitu vya watoto vilivyokuja na mitumba. Kilikuwa na urefu wa kiganja na mota iliyoungua. Alikitia mota ya redio kaseti. Meno ya plastiki aliyabadili kwa meno ya shaba ya saa ya mezani, na mbele akafunga balbu ya tochi. Kisha akatandika reli za waya juu ya vipande vya mninga, kuzunguka chumba, kutoka mezani hadi dirishani. Katikati palikuwa na mwinuko, na hapo ndipo kazi iliposhindikana. Magurudumu yalizunguka palepale.

Dawa yake aliijua. Kichwa kinataka uzito, na reli inataka mchanga. Vichwa vikubwa hubeba mchanga katika sanduku lake na kuumwaga mbele ya magurudumu penye mlima. Fulgence alitengeneza sanduku la bati, akalitoboa tundu. Lakini udongo wa Songea ni mwekundu na unaganda. Alitaka wa kichanga, kama wa Tabora.

Akainama, akalivuta kopo.

"Utanisindikiza," alimwambia Walburga, akachekecha. Kichwa kilipanda mlima bila kuteleza.

Siku ya nne baada ya jioni ile kilipopanda chenyewe, Zena alimsimamisha mlangoni. Alikuwa fundi cherehani kutoka Tunduru, na chumba chake kilipakana na cha Fulgence.

"Shikamoo, Mzee wa Treni."

"Marahaba, Zena. Umeamkaje?"

"Salama. Ila ukuta wetu mwembamba, mzee. Umeoa, na pilau hatujaliona."

"Nimeoa nani?"

"Huyo anayekuita jioni. Fulgence, Fulgence. Kama anamwita mtoto aje kuoga."

Fulgence alicheka. Zena alicheka kidogo, akaacha.

"Mwambie basi asilete harufu ya shimo. Nguo za wateja zimeanza kunuka."

Mvua ilikuwa imekoma tangu mwezi wa tano.

Fulgence hakumwambia kwamba na yeye alikuwa anaisikia sauti hiyo. Kila jioni, saa ambayo Walburga alikuwa akimletea chai karakanani, kichwa cha treni kilianza kwenda chenyewe. Kilizunguka mara tatu. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ilijaa chumbani, springi za kitanda zilibonyea upande wa pili, na mtu akaita jina lake. Fulgence alimsimulia habari za redio alizotengeneza mchana. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Alianza kufunga kazi mapema ili awahi.

Jioni ya kumi na mbili aliunyoosha mkono kitandani, pale palipobonyea, akitaka tu kujua kama pana joto, akakuta shuka limelowa na ni baridi kama mawe ya mtoni, na kabla hajaurudisha mkono ulishikwa, taratibu, kama mtu anavyoshika kitu asichotaka kivunjike, na vidole vilivyoushika vilizunguka kiganja chote vikakutana upande wa pili, vikaendelea, vikapanda hadi kwenye kiwiko, huku kichwa cha treni kikizidi kuzunguka na balbu yake ikiwaka bila betri, na sauti ikiita Fulgence, Fulgence, karibu na sikio, bila pumzi.

Asubuhi aligonga kwa Zena.

"Mjomba wako, yule maalimu," alinong'ona. "Bado yupo mjini?"

"Yupo. Anasubiri gari la kurudi Tunduru." Zena alitazama mkono wake, uliokuwa na alama nyekundu kuanzia kiganja hadi kiwiko. Akajifunga khanga, akatoka.

Maalimu Muhsini alikaa kwenye kiti pekee, kichwa cha treni kikiwa mapajani mwake. Alisoma kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Kisha akauliza kilichomo sandukuni. Fulgence akamwambia.

"Ndugu yangu, udongo wa kaburi ni mlango uliofungwa. Wewe umeufungua, halafu ukautia magurudumu."

"Ni mke wangu, maalimu."

"Mkeo alikuwa anakuitaje?"

Fulgence alifikiri. Katika miaka thelathini Walburga hakuwahi kulitamka jina lake. Mwanamke wa kwao hamwiti mumewe hivyo.

"Baba Ida," alisema. "Ida ni binti yetu wa kwanza. Yuko Mwanza."

Magurudumu yalizunguka nusu mzunguko mapajani mwa maalimu, yakasimama. Maalimu aliyatazama.

"Na huyu anakuita Fulgence," alisema. "Basi si yeye. Mkeo alishapita. Huyu alikuta mlango wazi."

"Akiondoka atabaki nani humu?"

"Wewe."

Kesho yake walikwenda Mpitimbi, yeye, maalimu na Zena. Fulgence alichimba kando ya kaburi la mama mkwe, akamimina udongo, akasali Baba Yetu. Maalimu alisubiri amalize, kisha akasoma yake.

"Umetoa wote?"

"Wote."

Katika mfuko wa shati la Fulgence mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake, kijiko kimoja.

Jioni tisa zilipita. Kichwa cha treni kilikaa mezani. Fulgence alitengeneza redio mbili, akala ugali kwa dagaa, akaandika barua ya Mwanza na hakuimaliza. Upande wa pili cherehani ya Zena ilishona, ikanyamaza. Harufu ilikuwa imeisha. Kitanda kilikuwa kikavu.

Jioni ya kumi aliifungua karatasi, akamimina mchanga sandukuni, akaweka kichwa cha treni chini ya mlima. Klipu za betri hakuzigusa. Alikaa kitandani, akasubiri.

Saa kumi na moja kikapanda.

Harufu ikaja. Springi zikabonyea upande wa pili.

"Baba Ida," sauti ikasema.

Fulgence alitazama kiti alichokalia maalimu siku ile. Hapa Songea jina hilo alikuwa amelitamka mara moja tu, ndani ya chumba hiki, kichwa cha treni kikisikiliza.

Aliinuka, akafunga mlango kwa komeo. Kisha akarudi kitandani, akajisogeza hadi ukutani, akaacha nafasi.